Kuchukuliana na Shangazi Blandina

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano, Shangazi Blandina alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akisuuza vikombe. Vikombe hivyo vilikuwa vimeoshwa usiku, vikasuuzwa na kufunikwa kwa kitambaa safi. Yudith, aliyeviosha, alikuwa amesimama mlangoni na kuni mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hivi vikombe vilikuwa na sabuni."

"Nilivisuuza mara mbili jana."

"Basi vilitaka mara ya tatu." Akakiinua kimoja na kuchungulia ndani. "Kule Usangi nilikoolewa tulikuwa tunasuuza kwa maji ya moto. Lakini najua hapa kwenu kuni ni shida."

Yudith alizitazama kuni alizoshika. Akaingia jikoni, akazipanga mafigani, na kichwani akaanza kuimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa kanisani. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Shangazi alipoanza kuzungumza, Yudith alianza wimbo, na kila baada ya muda alisema "Ndiyo, shangazi". Kwa njia hiyo nyumba ilikuwa na amani tangu Majilio, na majirani walimsifu kwa moyo wake.

Shangazi Blandina alikuwa dada wa marehemu baba yake Fanueli, mume wa Yudith. Alikuja kukaa Jumapili mbili. Sasa Krismasi ilikuwa imepita, Januari ilikuwa inakwisha, na begi lake lilikuwa limehama kutoka sebuleni hadi chumba cha Faraja, binti wa nyumba, aliyekuwa shule ya bweni. Kitongoji kizima kilijua kwamba huko alikotoka, Kileo kwa mwanawe, mkamwana alikuwa ameliweka begi hilo barazani. Hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake.

Fanueli alikuwa mwashi. Alikuwa anajenga ukuta wa mtu Same mjini, akiteremka alfajiri kwa pikipiki na kupanda tena jioni. Juu ya shangazi yake alikuwa na ushauri mmoja tu: "Vumilia, mama Faraja." Alikuwa akiutoa huku anafunga kamba za viatu.

Wiki hiyo Yudith alikuwa na jambo kubwa kuliko vikombe. Mvua za vuli zilikatika mapema, na maharage yao yaliyopandwa kwenye ngazi za mteremko yalikuwa yameanza kutoa maua. Ua la harage likikosa maji huanguka, na likianguka hakuna ganda. Juu ya mashamba ilikuwepo ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe lililochimbwa na mababu. Usiku kijito huijaza, na alfajiri kizibo huvutwa, maji yote yakaenda kwa nyumba yenye zamu. Zamu ya nyumba ya Fanueli ilikuwa Jumamosi. Baada ya hapo ingewabidi kungoja mpaka mzunguko mzima uishe, na maua yasingengoja. Msimu uliopita walikosa. Yudith alizunguka na debe tupu akinunua maharage ya kula kwa wanawake wa jumuiya anayoiongoza yeye mwenyewe, na kila mmoja alimpimia kwa huruma.

*

Jioni ya siku hiyo jumuiya ilikusanyika kwa Yudith. Somo lililopangwa na usharika kwa wiki hiyo lilikuwa kuchukuliana. Yudith hakulichagua, lakini alilitayarisha kwa makini na kuligawa katika hoja tatu.

"Kuchukuliana si kunyamaza tu," alianza. "Ni kumpa mwenzako..."

"Sauti, mkamwana," alisema Shangazi Blandina kutoka kwenye kochi la mwisho. "Huku nyuma hatusikii."

Nyuma yake hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ukuta.

"Ni kumpa mwenzako nafasi," Yudith alisema kwa sauti zaidi.

"Na hiyo taa isogezwe. Inawapiga watu machoni."

Taa ikasogezwa. Katika hoja ya pili shangazi alisahihisha sura ya andiko, na alikuwa sahihi. Kisha akaombwa kuombea somo. Alikuwa amebatizwa Mlutheri na kuolewa kwa Wakatoliki, na uzeeni alisali kwa taratibu zote mbili, kwa hiyo sala yake ilikuwa na urefu wa sala mbili. Mtoto mmoja alilala. Chai ilipoletwa, shangazi aliinyakua chupa mikononi mwa Yudith na kuanza kugawa.

"Inanuka moshi kidogo," aliwaambia wageni. "Mtachukuliana nayo. Ndilo somo lenyewe."

Watu wakacheka. Yudith naye akacheka, kwa sababu alikuwa kiongozi.

Aliyecheka zaidi alikuwa Zephania, mzee wa kanisa na mgawa maji wa ndiva. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kusikiliza nani amesema nini kuhusu maji, na mazoea hayo aliyabeba kila mahali. Alipokea kikombe chake akasema, "Na wewe, shangazi, tukuhesabu vipi? Mgeni au mwenyeji? Nauliza kwa ajili ya msaragambo. Tukipiga baragumu watu waje kuzibua mfereji, mgeni hachimbi."

Ulikuwa utani, na watu waliupokea kama utani. Shangazi Blandina hakucheka. Alibaki ameishika chupa ya chai, mdomo wake umeelekea kikombe ambacho kilikuwa kimejaa. Tangu Majilio hakuna mtu aliyewahi kumwona akikosa jibu. Macho ya watu yakahama kutoka kwake yakaenda kwa Yudith.

"Si mgeni," Yudith alisema. "Huyu ni mama wa nyumba hii. Akisema yeye, nimesema mimi."

"Amina," watu wakajibu.

Lilikuwa neno zuri, na Yudith alijua ni zuri. Alilisema kwa sababu jumuiya nzima ilikuwa inamtazama na hoja ya tatu ilikuwa bado haijafikiwa. Zephania alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, kama alivyozoea kufanya mtu anapotaja mpaka wa shamba lake.

*

Ijumaa asubuhi Yudith alishinda mferejini akizibua matope, maji ya kesho yasije yakapotea njiani. Alasiri alikaa kivulini na ungo, akachambua mahindi ya makande. Shangazi Blandina akavuta kigoda karibu naye.

"Hili goti, mkamwana, linaniambia mvua haiji."

"Ndiyo, shangazi."

"Na yule daktari hakuligusa hata kidogo. Aliandika tu, akaniambia nenda dirishani. Mimi nimekwenda pale na goti, siyo na dirisha."

"Ndiyo, shangazi."

"Ile sufuria kubwa nimeihamishia juu. Pale chini ilikuwa inaingia panya. Ukiitafuta usiseme imeibiwa."

"Ndiyo, shangazi."

"Sifael alikuja asubuhi, wewe uko mferejini. Kasimama mlangoni, hata kukaa hataki. Ana mtoto mchanga ndani, maharage yake yamelala kabisa, na zamu wamemruka kwa sababu hakutokea msaragambo. Siku hiyo mkewe alikuwa anajifungua, sasa atokee vipi? Nimemwambia maji yetu ya kesho achukue yeye, na zamu yake ikirudi tutachukua sisi. Lakini nikasema lazima kwanza nimuulize mwenye jembe. Nimwambie Zephania hivyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi jioni nikijinyoosha miguu nitapita kwake."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Na hii chumvi yenu ya mawe, mimi siielewi."

Yudith alikuwa katika ubeti wa tatu. Mahindi mabovu aliyatoa yote. Hakubakisha hata punje.

Jioni shangazi alichukua fimbo na kanga yake akatoka, akarudi giza linaingia. Wakati wa chakula alisema, "Kesho msihangaike kuamka mapema." Fanueli alikuwa anatazama simu. Yudith alisema "Ndiyo, shangazi", akaenda kuinoa ncha ya jembe, kisha akatega simu yake imwamshe kabla jogoo hajawika.

*

Jumamosi alfajiri, Yudith alipofika ndivani na jembe begani, maji yalikuwa yamefika ukingoni. Zephania alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na kizibo. Watu wengine wachache walikuwepo, kama kawaida. Wakati wa kiangazi watu huja kutazama hata maji yasiyo yao. Chini kidogo, kwenye mfereji wa upande wa kushoto, Sifael alikuwa amesimama peku na suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Faraja. Umekuja kumsaidia Sifael?"

"Nimsaidie nini?"

"Kuyachunga maji."

Yudith alitabasamu. Zephania alikuwa na utani wa asubuhi. "Zamu ni yangu leo," alisema.

"Ilikuwa yako. Jana jioni shangazi yenu alikuja kwangu na fimbo yake. Akaniambia nyumba ya Fanueli imempa Sifael. Nikamuuliza, Yudith anajua? Akasema anajua."

"Sijui lolote. Shangazi hana zamu hapa. Hana hata jembe."

"Nyumba ina zamu. Na Jumatano ulituambia akisema yeye umesema wewe. Nilikuwepo. Chai nilikunywa."

"Ile ya moshi," alisema mtu mmoja ukingoni, na mwenzake akakohoa ili asicheke.

"Yale yalikuwa maneno ya jumuiya," Yudith alisema.

Zephania alifikiri. "Mimi sina sikio la jumuiya na sikio la ndiva," alisema. "Ninayo haya mawili tu, nayo nayapeleka pote."

"Mama Faraja, shikamoo," Sifael aliita kutoka chini. "Mimi sikujua kama kuna tatizo. Aliniambia mtazungumza, halafu akaniambia mmezungumza." Alisema hivyo bila kutoka kwenye mfereji.

Kanuni ilijulikana na kila mtu pale. Zamu iliyotolewa kwa kinywa cha nyumba hairudishwi mpaka mzunguko uishe. Iliwekwa zamani kwa sababu ya watu wenyewe walivyo: bila kanuni hiyo kila alfajiri ingekuwa kesi, na maji yangekaa ndivani yakisikiliza. Zephania aliieleza hata hivyo, kwa sababu ilikuwa kazi yake.

"Iko njia moja," alimalizia. "Kama aliyesema si wa nyumba, neno lake halikuwepo. Utatamka hapa mbele ya watu kwamba Blandina si wa nyumba yenu, na mimi nayageuza maji kwako sasa hivi. Sifael atarudi nyumbani. Lakini ukishatamka limetamkwa. Siku ya msiba hatakaa upande wenu, na akiulizwa yuko kwa nani, hatutakuwa na la kumjibia."

Yudith alifungua mdomo. Kabla hajasema lolote ilisikika fimbo ikigonga mawe njiani, na sauti ikatangulia.

"Niliwaambia msiamke mapema. Nyumba hii watu hawasikii." Shangazi Blandina alitokea na kikapu chenye chupa ya chai na vikombe. "Na hii njia yenu, mtu wa kuifyeka hakuna? Mzee Zephania, umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Shangazi," Yudith alisema, "umempa Sifael maji yangu?"

"Nimempa. Nilikuuliza."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza jana ukichambua mahindi. Nikasema, nimwambie Zephania hivyo? Ukasema ndiyo, shangazi. Nikasema, jioni nitapita kwake. Ukasema ndiyo, shangazi." Alikaa juu ya jiwe na kukifungua kikapu. "Nikajua ni lile somo lako limekuingia. Nilifurahi, nikalala vizuri, hata goti halikuniuma."

Yudith aliitafuta alasiri ya jana kichwani. Aliyakuta mahindi. Aliukuta ubeti wa tatu.

"Sikukusikia," alisema.

"Ulijibu."

"Nilijibu. Sikuwa nasikiliza."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini maji yaliyotulia hayafichi sauti. Yule aliyekuwa anakohoa aliacha. Shangazi Blandina alikuwa ameinamisha chupa juu ya kikombe, na aliendelea kumimina mpaka chai ikafika ukingoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

Yudith alilishika vizuri jembe begani.

"Nakuuliza, mkamwana. Tangu lini?"

"Tangu Majilio."

Chini, Sifael alianza kuparua ukingo wa mfereji kwa jembe, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuparua.

"Mama Faraja," Zephania alisema, "kijito hakijui kusubiri. Yakimwagika juu tunakosa wote. Nipeleke wapi?"

Kutoka pale maharage ya Yudith yalionekana yote, kuanzia ngazi ya juu hadi ya mwisho, maua yake meupe yamejaa. Sentensi iliyotakiwa ilikuwa fupi. Ingemrudishia maji na chakula cha mwaka, na isingemlazimu kuzunguka na debe. Tena asingekuwa amemwonea mtu: maji yalikuwa yake, na aliyeyatoa hakuwahi kuyashikia hata koleo. Kwa upande mwingine, Kileo mlango ulikuwa umefungwa, na Usangi mji wa marehemu mume ulikuwa umegawanywa kwa shemeji. Yudith aliyajua hayo yote. Alimgeukia shangazi yake, akitumaini angalau kumwona akisikitika.

Shangazi Blandina alikuwa amechukua kikombe cha pili, kimojawapo cha vile vilivyooshwa usiku. Alimimina chai kidogo ndani, akaizungusha, akaimwaga chini. Alikuwa anakisuuza.

Yudith alilishusha jembe kutoka begani. Kama kuna wakati alitaka kuitamka ile sentensi, ulikuwa huo.

"Alisema yeye," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegombana. "Nimesema mimi. Mfungulie Sifael."

Hakuna aliyesema amina. Zephania alisimama, akakishika kizibo kwa mikono miwili na kukivuta. Maji yalitoka yakiwa mekundu kwa udongo, yakaingia mfereji wa kushoto.

"Karibuni chai," Shangazi Blandina alisema. "Inanuka moshi kidogo."

*

Njiani Shangazi Blandina hakuzungumza. Nyumbani aliweka kikapu mahali pake, akaingia chumba cha Faraja, akafunga mlango. Mchana alikula kidogo bila kusema kwamba chumvi haijakolea. Yudith, ambaye tangu Majilio alikuwa akitamani kimya, sasa alikuwa nacho, na kilikuwa kinamsumbua kuliko maneno. Mara mbili alikwenda hadi mlangoni na kurudi.

Fanueli aliipata habari kabla hajafika nyumbani. Mwendesha pikipiki aliyempandisha alikuwa binamu wa mmoja wa watazamaji. Aliingia na vumbi la saruji kwenye nyusi, hakukaa.

"Jumatatu nampandisha basi."

"La wapi?"

"La Usangi."

"Anakwenda kwa nani?"

Fanueli alijipangusa vumbi. "Basi Kileo."

"Kwa nani?"

"Sasa unamtetea? Amegawa chakula chetu kama sadaka, na wewe unamtetea?"

"Simtetei. Ananiudhi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye chini ya bati moja. Anaosha vilivyooshwa, anatia chumvi kilichotiwa chumvi. Lakini aliniuliza, nikamwambia ndiyo. Wewe ulikuwepo wakati wa chakula aliposema tusiamke mapema. Ulimsikia?"

Fanueli hakukumbuka kusikia.

"Na maharage?" aliuliza.

"Yataanguka."

Alikaa chini mwishowe, akashika kichwa, kisha akainama kulegeza kamba. "Itabidi uvumilie, mama Faraja," alisema.

"Hilo neno usiniambie tena ukiwa umeshika viatu."

Jumapili baada ya ibada wanawake wawili walimshika Yudith mkono wakamwambia ametoa mfano mzuri. Mmoja aliongeza kwamba kama ingekuwa yeye asingeweza, na akauliza kama watahitaji maharage mwaka huu, maana yeye atakuwa nayo.

*

Jumatatu alasiri Yudith alianza kuchota maji ya kijito kwa ndoo na kupanda nayo hadi ngazi ya juu ya shamba. Ndoo kanuni iliiruhusu. Ngazi nyingine hazikuweza kufikiwa kwa kichwa cha mtu mmoja, na hizo aliziacha. Alikuwa anamwagia mstari wa nne aliposikia fimbo.

"Unamwagia majani," alisema Shangazi Blandina. "Mwaga shinani."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Jumamosi. Yudith alikaza mkono kwenye mshikio wa ndoo, na bila kukusudia akaanza ubeti wa kwanza. Akauacha.

"Jua likiwa hivi majani yanaungua," shangazi aliendelea. "Kule Usangi..."

"Hapa si Usangi, shangazi."

"Najua. Huko nisingekuwa napanda ngazi na goti hili." Alikaa kwenye ukingo wa mawe na kuiegemeza fimbo. Akayatazama maharage. "Yule wa Kileo naye alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Hakunitukana hata siku moja. Ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Mimi nikajua tunaelewana. Siku niliyolikuta begi barazani nikamwambia, mwanangu, si mwenyewe ulikuwa unasema ndiyo? Akaniambia, mama, nilikuwa nakujibu tu."

Yudith alishusha ndoo.

"Unaongea sana, shangazi."

"Najua."

"Na vikombe huwa nimeshavisuuza."

"Havitakati."

"Vinatakata."

"Sawa. Basi useme. Ukinyamaza, mimi naendelea." Alinyoosha fimbo kuelekea mstari wa tatu. "Huo umeuruka."

Yudith aliutazama. Alikuwa ameuruka kweli. Alichukua ndoo akateremka kijitoni bila kusema ndiyo.

*

Kufikia Jumanne jioni maua ya ngazi zote za chini yalikuwa ardhini. Ngazi ya juu, iliyonyweshwa kwa ndoo, ilikuwa imeanza kutoa maganda, membamba kama vijiti vya kiberiti. Maharage ya Sifael yalikuwa yamesimama.

Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Shangazi Blandina alikuwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akisuuza vikombe. Yudith alipita na kuni. Walisalimiana. Shangazi alikuwa tayari yuko katikati ya maelezo. Alikuwa ameyaanza Yudith akiwa bado zizini, na hakuona sababu ya kumngoja. Yudith alifika mlangoni, kichwa chake kikiwa kwenye moshi wa jana na chai ya leo, ndipo akasikia, "...kwa hiyo nikamwambia Zephania kwamba sisi hatuna neno."

Yudith alisimama.

"Umemwambia Zephania nini?"

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Shangazi Blandina aliweka kikombe chini. "Hukusikia kuanzia wapi?"

Jibu jepesi lilikuwepo, na lingeokoa asubuhi nzima. Yudith alilitafakari kidogo.

"Kuanzia mwanzo," alisema.

"Mwanzo ni kwenye goti."

"Najua."

Akaziweka kuni chini, akavuta kigoda cha pili, akakaa. Shangazi Blandina alifuta mikono kwenye kanga na kuanza na goti.